Usukani ulipotangatanga Kona Baridi

Na MWANDISHI WETU

UPEPO wa Kona Baridi hauna adabu. Haupigi hodi wala haungoji msafiri afunge vifungo vya koti. Mara tu barabara ya Magadi inapomaliza kupanda kutoka mji wa Kiserian na kufika mgongoni mwa Milima ya Ngong, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, Bonde la Ufa hufunguka mbele ya macho kama mkeka uliokunjuliwa, na papo hapo upepo hukupiga ubavuni.

Ni mahali hapo, Jumamosi moja ya likizo ya Agosti, mwendo wa saa tatu asubuhi, ambapo gari letu lilihama upande wake wa barabara bila idhini yangu.

Nilikuwa nimeushika usukani kwa mikono miwili, nao umenyooka sawasawa. Hata hivyo, Land Rover yetu ilianza kutambaa kulia, polepole, hadi ikavuka katikati ya lami. Niliuzungusha usukani kushoto kiasi cha upana wa kiganja. Hakuna kilichotokea. Nikaongeza kidogo. Ghafla gari likaitika lote kwa mara moja, likaruka kushoto kupita nilivyotaka, na gurudumu la mbele likashuka kwenye ukingo wa lami, pale ambapo udongo umeliwa na mvua. Lori lililokuwa likipanda kutoka Magadi, shehena yake imefunikwa turubai, lilitupita huku likipiga honi ndefu.

Watoto wetu wawili, waliokuwa wakiimba tangu Ongata Rongai, walinyamaza kimya. Mke wangu hakupiga kelele. Alisema tu kwa sauti ya chini, "Baba watoto, hebu simamisha gari."

Nilisimamisha. Tukakaa hapo tukitazama mitambo ya upepo ikizunguka juu ya Milima ya Ngong, na upande wa pili Mlima Suswa ukiwa umejilaza katika ukungu. Chini yetu barabara iliteremka kona baada ya kona. Kutoka hapo hadi Ziwa Magadi msafiri hushuka zaidi ya mita 1,300. Nilijua moyoni kuwa siwezi kuwashusha watoto wangu katika mteremko ule kwa gari lisilosikia.

Gari la marehemu

Land Rover yenyewe ni ya aina ya 110, ya mwaka 1986. Aina hiyo ilianza kuuzwa mwaka 1983, ikawa na springi za mviringo badala ya zile za vyuma bapa vya kupangana, na ndiyo ambayo kuanzia 1990 ilijulikana kwa jina la Defender. Yetu ni ya stelingi ya kale isiyosaidiwa na pampu ya mafuta. Nguvu zote za kukata kona hutoka mabegani mwa dereva.

Ilikuwa mali ya marehemu baba mkwe, aliyeitumia kubebea maziwa na nyasi za ng'ombe. Mke wangu alijifunzia udereva ndani yake akiwa msichana. Mzee alipofariki, watoto wake waligawana mali kwa amani, naye akaomba gari hilo tu. Mimi, kwa upande wangu, nilikuwa nimeanza kuliona kama mdomo usioshiba. Kwa muda wa miezi mitatu lilikuwa likiyumba barabarani, na karakana moja jijini Nairobi ilikuwa imenitoza jumla ya Sh14,500 bila ya nafuu yoyote. Mara ya kwanza walinifungia shoki mpya ya stelingi. Mara ya pili walifanya alaimenti. Mara ya tatu walikaza boksi la stelingi, kisha wakaniambia kuwa boksi limekwisha na kwamba jingine lingegharimu Sh65,000.

Hapo ndipo nilipokata shauri, bila ya kumwambia mke wangu waziwazi, kuwa safari ya Magadi ingekuwa ya mwisho. Kulikuwa na jirani aliyetaka kulinunua gari, alitoe injini, na mengine yote auze vyuma vikuukuu.

Siku hiyo pale Kona Baridi, mama watoto aliniangalia kama aliyeyasoma hayo yote usoni pangu. "Tusiende mbele," akasema. "Turudi Kiserian. Pale hapakosi fundi."

Tuligeuza, tukarudi kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa, taa za tahadhari zikiwaka. Watu wenye punda waliobeba mitungi ya maji walitutazama kwa huruma.

"Linayumba lini?"

Kiserian ni mji wa mbuzi na nyama. Siku za mnada wafugaji huteremka kutoka pande zote za Kajiado, na moshi wa nyama choma hauzimiki. Nyuma ya maduka, katika kiwanja chenye udongo mweusi kwa mafuta yaliyomwagika miaka mingi, tulielekezwa kwa mzee mmoja mwenye ovaroli iliyofifia. Hakuwa na kibao wala ofisi. Alikuwa na jiliwa moja iliyofungwa kwenye gogo la mti, masanduku mawili ya spana na kijana wa kumsaidia.

Nilianza kumweleza habari za boksi na shoki na alaimenti. Alinisikiliza kidogo tu, kisha akainua mkono.

"Kijana, hayo ni majina ya dawa," akasema. "Mimi nataka kujua ugonjwa. Linayumba lini?"

Sikuwahi kuulizwa swali hilo na fundi yeyote. Nikamwambia linayumba wakati wote. Akatikisa kichwa na kuuliza tena, swali moja baada ya jingine, kama daktari. Je, linayumba zaidi upepo unapovuma au lori linapokupita? Je, huvuta upande ukikanyaga breki? Je, hugeuka ukiachilia mafuta na kugeuka tena ukikanyaga? Je, hufuata mabonde yaliyochimbwa na magari mengine? Je, usukani hurudi wenyewe katikati baada ya kona, au hubaki pale ulipouacha?

Mke wangu ndiye aliyejibu vizuri zaidi, maana abiria huona mengi ambayo dereva huyazoea. Alisema gari huhama hasa kwa upepo, na kwamba kila mara mimi hugeuza usukani, hungoja, kisha hugeuza tena. Akaongeza kuwa tangu karakana ile ilipokaza boksi, usukani haurudi katikati wenyewe.

Mzee alifurahi. "Mama, wewe umeshanifanyia nusu ya kazi," akasema.

Alitufafanulia kuwa barabara hii ya Magadi ni kipimo tosha cha stelingi, kwa kuwa kila sehemu yake huuliza swali lake. Pale kileleni upepo hulisukuma gari kwa ubavu, na kama ekseli ya mbele haikushikwa imara chini ya gari, utajua. Kwenye mteremko breki hufanya kazi, na kama raba za vyuma vinavyoshika ekseli zimekwisha, gari litavuta upande. Kwenye tambarare za chini, lami ikiwa nyembamba na imeinama kwenye kingo, matairi mabovu yatafuata kila ufa. Mwenye gari akisikiliza, alisema, barabara itamwambia mahali pa kuanza kutafuta.

Kuanzia kilicho rahisi

Kabla ya kugusa spana yoyote, alichukua kipima upepo na kuzunguka magurudumu manne. Tairi la mbele la kushoto lilikuwa na upepo pungufu sana kuliko mwenzake wa kulia. "Wengi hununua boksi jipya kwa sababu ya pampu ya shilingi hamsini," akatuambia. Aliyatazama pia matairi yenyewe, kama ni ya aina moja kwenye ekseli moja na kama yamelika upande mmoja, kisha akayajaza sawasawa.

Halafu akamtuma kijana wake aweke mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu. Nilimwambia nimeshavuta breki ya mkono. Akanijibu kwamba breki ya mkono ya Land Rover za kale hushika shafti inayokwenda nyuma wala haishiki magurudumu yenyewe. Ukiinua gurudumu moja kwa jeki, gari laweza kuteleza hata kama breki imevutwa. Nilikuwa nimelimiliki gari hilo kwa miaka minne bila ya kujua jambo ambalo lingeweza kumuua mtu.

Injini ikiwa imezimwa na magurudumu yakiwa bado chini, yamebeba uzito wa gari, alimwomba mke wangu akae kwenye kiti cha dereva.

"Sukuma usukani kulia na kushoto," akamwelekeza. "Kidogo tu, kama mtu anayembembeleza mtoto. Usikate kona. Na usiache mpaka niseme."

Yeye mwenyewe alilala chali chini ya pua ya gari. Kazi hii, alisema, haiwezi kufanywa na mtu mmoja. Ni lazima mmoja aamshe mlegeo, na mwingine autafute ulipojificha.

Alianza juu na kushuka, kiungo kwa kiungo. Kwanza shafti inayotoka kwenye usukani, ambayo ina krosi mbili. Kama upande wa juu wa krosi unageuka kabla ya upande wa chini, hapo pana mlegeo. Zilikuwa nzima. Kisha akafika kwenye boksi. Aliangalia kama shafti inaingia ikigeuka ilhali mkono wa chuma unaotoka umetulia. Ulikuwepo mlegeo, lakini mdogo mno. Akashika boksi lenyewe kwa kiganja, kuona kama linatikisika pale lilipofungwa kwenye chesisi, kwa kuwa bolti za boksi zikilegea hata boksi jipya haliwezi kufaa. Lilikuwa imara.

Kutoka kwenye boksi aliufuata mkono hadi kwenye chuma kirefu kinachovuka mbele ya ekseli kwenda kwenye gurudumu la upande wa pili, kile ambacho mafundi hukiita dragi linki. Hapo alinyamaza kidogo. Akamwita binti yetu, aliyekuwa amechuchumaa akitazama.

"Mjukuu wangu, njoo. Weka kidole chako hapa, nusu kwenye chuma hiki na nusu kwenye kile. Macho hudanganya, ngozi haidanganyi."

Binti yetu, mwanafunzi wa Gredi ya 6, aliweka kidole kwenye boljointi. Mama yake akasukuma usukani. "Kinaruka, babu!" akasema kwa mshangao. "Chuma kimoja kinaanza na kingine kinachelewa."

"Huo ndio mlegeo," mzee akasema. "Sasa umeujua. Lakini huo ni mdogo. Mkubwa bado."

Chuma kisichogeuka

Ule mkubwa ulikuwa mahali ambapo mimi nisingeangalia kamwe, kwa sababu si sehemu ya stelingi.

Gari lenye springi za mviringo, mzee alieleza, lina tatizo moja. Springi hizo hubeba uzito, lakini haziwezi kuizuia ekseli isihame kulia na kushoto. Kwa hivyo waliolitengeneza walifunga chuma kimoja kinachotoka kwenye chesisi upande mmoja na kwenda kwenye ekseli upande wa pili. Kinaitwa rodi ya Panhard. Hakigeuki na wala hakisukumi kitu. Kazi yake ni kuishika tu ekseli isitoroke. Kila ncha yake ina bushi ya raba.

"Tazama mwenyewe," akaniambia. Nikalala chini karibu naye. Mke wangu alipousukuma usukani kulia, gurudumu halikugeuka kwanza. Badala yake chesisi nzima ilisogea kando juu ya ekseli, raba ikabonyea, bolti ikagonga ukingo wa tundu lake kwa mlio mdogo wa "tak", na ndipo gurudumu likaanza kugeuka. Bushi ya upande wa ekseli ilikuwa imemumunyuka kama mkate uliolowa chai.

Hapo nilielewa kilichotokea kule kileleni. Upepo ulilisukuma gari kando, ekseli ikabaki nyuma, na kwa kuwa boksi la stelingi limefungwa kwenye chesisi, kule kuhama kwenyewe kukawa ni kama mtu ameugusa usukani. Nilipojaribu kurekebisha, nguvu zangu zote za mwanzo ziliishia kwenye kuisogeza raba iliyooza. Ilipofika mwisho wake, gari likaitika kwa kishindo.

Hata hivyo, mzee hakuacha kutafuta. Alisema fundi anayesimama kwenye kosa la kwanza humrudisha mteja wiki ijayo. Aliinua gurudumu la mbele kwa jeki, akaweka kigingi cha chuma chini ya ekseli kwanza, akalishika gurudumu juu na chini na kulitikisa. Kulikuwa na mlegeo mdogo. Akamwomba mke wangu akanyage breki, akatikisa tena, mlegeo ukapotea. "Ni beringi," akasema, "kwa sababu breki huliunganisha gurudumu na chuma kilicho nyuma yake. Kama mlegeo ungebaki, ingekuwa kingpini." Beringi ilihitaji kukazwa tu.

Alipita pia kwenye tairodi, kwenye raba za vyuma viwili vinavyoishika ekseli ya mbele isiende mbele na nyuma, na hata chini ya mkia wa gari, kwenye boljointi iliyo juu ya ekseli ya nyuma. Wengi husahau, alisema, kuwa ekseli ya nyuma ikihama nayo hulipeleka gari inakotaka, na dereva hulaumu usukani. Dalili yake ni gari kugeuka upande mmoja ukikanyaga mafuta na upande wa pili ukiyaachilia. Kwetu kulikuwa kuzima.

Dawa iliyozidisha ugonjwa

Lililonikasirisha zaidi ni habari ya boksi. Juu ya boksi la stelingi kuna skrubu yenye nati, ambayo hupunguza mlegeo wa meno ya ndani. Meno hayo hubana zaidi usukani ukiwa katikati, kwa makusudi, kwa sababu hapo ndipo gari hutumia muda mwingi. Karakana ile ilikuwa imeikaza skrubu kupita kiasi ili kuuficha mlegeo ulioko kwingine. Matokeo yake usukani ukawa unakwama katikati, haurudi wenyewe, na dereva analazimika kurekebisha kila mara. Yaani gari lililokuwa likiyumba kwa sababu moja sasa likawa linayumba kwa sababu mbili.

Na shoki mpya ya stelingi? Mzee alicheka. "Hiyo ni ya kupunguza mitetemo ya mashimo. Ni kama kumfunga mgonjwa blanketi ili usione anavyotetemeka."

Alaimenti nayo ilifanywa kama ya gari dogo la jijini, magurudumu ya mbele yakikaribiana kidogo upande wa mbele. Aina hii ya Land Rover huzungusha magurudumu yote manne wakati wote, na ya mbele hujivuta ndani yanapolivuta gari. Kwa hivyo hutakiwa yaachane upande wa mbele, kwa kiasi kidogo tu. Mzee alipima kwa utepe na uzi, akarekebisha kwenye tairodi.

Bushi za rodi na boljointi ya dragi linki hazikuwepo Kiserian. Alimpigia simu mpwa wake aliye katika duka la vipuri Kirinyaga Road, nikatuma pesa kwa M-Pesa, na vipuri vikapewa makanga wa matatu za nambari 126. Tukangoja kwa saa mbili. Watoto walikula nyama ya mbuzi na ugali hadi wakasinzia. Mama watoto alikaa kwenye gogo akimsimulia mzee jinsi babake alivyokuwa akizungumza na gari hilo asubuhi za baridi, kabla ya kuliwasha.

Vipuri vilipofika, bushi za zamani zilikatwa kwa msumeno wa chuma, na mpya zikasukumwa mahali pake kwa jiliwa. Kabla ya kufungua boljointi, kijana alihesabu mizunguko ya uzi wa skrubu ili ile mpya irudi mahali pale pale na usukani usikae upande. Pini za kufungia nati zilitiwa mpya. Bolti za rodi hazikukazwa gari likiwa juu. Mzee aliliteremsha kwanza lisimame kwa uzito wake, ndipo akazikaza, kwani raba ikikazwa gari likiwa limening'inia huwa imejipinda tangu siku ya kwanza. Mwisho aliilegeza skrubu ya boksi, akaukaza upya polepole huku akijaribu usukani mwanzo hadi mwisho, mpaka mlegeo ukaisha bila ya kukwama.

Gharama ya vipuri, nauli na kazi ilikuwa Sh6,100.

"Ukirudi kutoka Magadi pitia hapa," akaniambia. "Bolti mpya hutulia baada ya safari. Lazima nizitazame."

Kushuka bondeni

Saa tisa alasiri tulikuwa tena Kona Baridi, na upepo ulikuwa pale pale ukitungoja. Safari hii mimi nilikaa kiti cha abiria. Mama watoto alikuwa ameomba aendeshe, nami sikuwa na sababu ya kumkatalia.

Upepo ulitupiga ubavuni. Gari likainama kidogo kama kawaida ya magari marefu, lakini halikuhama. Aliusogeza usukani kiasi cha upana wa kidole, nalo likaitika hapo hapo. Akatabasamu bila ya kunitazama.

Kutoka hapo barabara huteremka ikipitia Olepolos na kuingia katika nchi nyingine kabisa. Baridi ya Ngong hubaki nyuma, madirisha hufunguliwa, na migunga huchukua mahali pa miti ya milimani. Lami ni nyembamba na kingo zake hukatika. Mbuzi huvuka bila ya kuuliza. Ni barabara inayodai usukani unaosikia, kwa sababu mara nyingi utahitajika kushusha gurudumu moja nje ya lami ili kumpisha anayekuja, na kulirudisha kwa upole.

Tulilala kwenye vibanda vya Olorgesailie, mahali ambapo Louis na Mary Leakey walianza kuchimba katika miaka ya 1940. Kwenye uwanja ulio wazi, mgeni akitembea juu ya daraja la mbao, huona mamia ya mashoka ya mkono ya mawe yakiwa yametapakaa kama yalivyoachwa. Ya kale zaidi yana zaidi ya miaka milioni moja. Kijana wetu alishika moja wapo ya yale yanayoruhusiwa kushikwa. Lilimkaa mkononi barabara. Dada yake akamwambia kwa lafudhi ya yule mzee, "Macho hudanganya, ngozi haidanganyi."

Kesho yake asubuhi tulifika Magadi, kilomita zipatazo 110 kutoka Nairobi. Mtu aliyezoea maziwa ya maji hudhani amepotea. Sehemu kubwa ya ziwa ni ukoko mweupe na wa waridi, magadi yale yale ambayo mama zetu hutia kwenye maharagwe yaive upesi. Kampuni ya kuyachimba iliundwa mwaka 1911, na reli kutoka Konza ikaletwa hadi hapo kwa ajili ya kuyasafirisha. Kandokando ya ziwa mna chemchemi za maji moto, na katika vidimbwi vyake huishi samaki wadogo wa jamii ya tilapia, katika joto na chumvi ambavyo samaki wengine wasingestahimili. Heroe walisimama mbali kama maua. Joto lilikuwa kali hata watoto wakaisahau Kona Baridi.

Mama watoto aliokota kipande cha magadi, akakifunga kwa gazeti. Kabla ya kuondoka tulimwaga maji ya mitungi miwili chini ya gari, kama tulivyoagizwa, kwa kuwa vumbi la chumvi halipendani na chuma.

Jioni tulipita Kiserian. Mzee alilala chini ya gari kwa dakika tano, akazungusha spana nusu mzunguko kwenye bolti mbili za rodi, akatoka akipangusa mikono. Alikataa malipo. Binti yetu akampa kile kipande cha magadi, naye akakipokea kwa mikono miwili.

Waswahili husema dalili ya mvua ni mawingu. Gari kuukuu huonyesha mawingu yake mapema: usukani unaohitaji kuguswa kila mara, mlio mdogo chini, kona inayochelewa. Mwenye gari asikimbilie kununua kilicho ghali. Aulize linayumba lini, apime upepo wa matairi, kisha atafute mtu wa kumsukumia usukani, nao wafuate kiungo kwa kiungo. Na ikiwa kuna fundi anayekaza skrubu kabla ya kuuliza swali, heri kuchukua ufunguo wako na kuondoka.

Yule jirani alinipigia simu Jumatatu akitaka kujua kama gari bado linauzwa. Nilimwambia aongee na mwenyewe, nikampa mke wangu simu.